Mwandishi wa Vita vya Wengine

Kwanza lieleweke hili: Anatole, mwandishi wa habari za nchi za nje wa kituo kimoja cha redio kule Lodwar, kaskazini mwa Kenya, hajawahi kukanyaga hiyo nchi ya nje yenyewe. Miaka kumi na moja ameripoti vita vya Sudan Kusini, na Juba anaijua kama wengi wetu tunavyoijua mbingu, kwa kusimuliwa. Yeye ni mkimbizi wa Kongo, mtu wa Bukavu, anakaa kambini, Kakuma One, katika nyumba ya matofali ya udongo na mabati, na hata kwenda Lodwar tu lazima kwanza aombe kibali, aeleze anakwenda kwa nani na atarudi lini. Mwandishi wa kimataifa huyo. Lakini msimcheke mapema, maana kazi aliiweza, na wale wakubwa wanaoshuka kwa ndege, wakapiga picha mbili na kuondoka, hawakumfikia hata kidogo.

Kazi yenyewe aliipata kwa sababu ya ajabu. Vita vile vilipozuka mwishoni mwa mwaka 2013, Wadinka na Wanuer walimiminika Kakuma wakiwa na machungu yale yale na hadithi mbili tofauti. Madam Nakaale, mhariri wa kile kituo, Mturkana mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi, alitaka mtu wa kumletea habari. Akichukua Mdinka, Wanuer wangezima redio. Akichukua Mnuer, Wadinka wangeizima. Akaambiwa kuna Mkongo mmoja, kwao alikuwa mtangazaji, ana sauti nzuri, na Kiarabu cha Juba amekiokota sokoni. Akampigia simu, na swali lake lilikuwa moja tu: katika vita hivi, wewe uko upande gani? Anatole akajibu kwamba vita vyao havimhusu hata chembe. Kesho yake akawa mwandishi.

Haukupita muda akagundua kwamba mtu asiyehusika ndiye anayetukanwa na wote. Ripoti ikitoka jioni, asubuhi yuko mlangoni Thiong, katekista wa Kidinka, mtu mrefu mwenye kunung'unika kwa adabu, akidai kwamba marehemu wao wametajwa harakaharaka na wa wenzao wametajwa kwa huzuni. Hajamaliza chai, anaingia Puok, kinyozi wa Kinuer. Huyu adabu ya kunung'unika hana, anaanza kupaza sauti tangu njiani, kwamba Anatole amenunuliwa na Wadinka, na kwa ile sauti aliyotumia jana, alinunuliwa kwa bei ya kutupa.

Mwanzoni Anatole alikosa raha kabisa, akafikiria hata kuacha. Kisha akaona jambo. Siku waliyokuja wote wawili, wakiwa wamekasirika sawasawa, ndiyo siku aliyoripoti vizuri. Siku aliyokuja mmoja tu, ukichunguza, kulikuwa na upande hakuuendea. Basi akaifanya hiyo kuwa mizani yake. Akilalamika Puok peke yake, Anatole anachukua simu, anavaa kofia, anavuka laga, ule mto mkavu, na kutembea mpaka Kakuma Four kwenye jua la saa saba, kumtafuta mwenye machungu aliyesahauliwa. Na hamwiti, ng'o. Anamfuata mlangoni kwake, anaketi chini, anangoja mpaka yule mtu aanze mwenyewe. Ripoti inarudi hewani ikiwa na sauti mbili, asubuhi wanakuja walalamikaji wawili, na Anatole anasugua mikono kwa furaha.

Aliyeumia ni Élisabeth, mkewe. Hasira za Wasudan zinataka sukari nyingi kwenye kikombe, na wale mabwana hawakukosa hata siku ya mvua. Sokoni Thiong na Puok walipitana bila salamu. Mahali pekee walipowahi kuketi benchi moja ni pale kwa Anatole, wakingoja zamu ya kumsema, na katika kungoja wakaanza kubishana, na katika kubishana wakazoeana, ingawa hakuna kati yao ambaye angelikubali neno hilo. Wakati Puok alipolazwa kwa malaria, Thiong alikuja kulalamika, akakuta hana wa kubishana naye, akanywa chai nusu, akajiondokea amenuna.

Sasa, upande wa pili wa uzio wa miti ya mathenge alikaa Boris, fundi cherehani, na mkewe Sonia aliyekuwa akiuza mandazi. Boris naye ni Mkongo, lakini Munyamulenge, mtu wa milima ya Minembwe, wa kabila ambalo majirani zake kule Kongo hawachoki kuliambia lirudi kwao, ingawa kwao ni hapo hapo waliposimama. Kule nyumbani Anatole na Boris wasingekunywa maji ya mtungi mmoja. Lakini ofisi ya kugawa viwanja haikuuliza kabila, iliuliza familia ni watu wangapi, ikawapanga ubavu kwa ubavu. Wakachuniana mwaka mzima. Kisha Boris akavusha waya wa sola juu ya uzio ili watoto wa Anatole wapate taa ya kusomea, na baada ya hapo jioni zao zikawa za drafti kwa vizibo vya soda, Boris akishindwa anadai jua lilimwingia machoni.

Jambo moja tu hawakuligusa, nalo ni vita vya kwao. Kila mara Madam Nakaale alipomwomba Anatole aripoti Kongo, alikataa. Alisema, na alisema kweli, kwamba hivyo vinamhusu.

Halafu ikaja Februari ya 2025, waasi wakaingia Bukavu, waasi ambao watu wa mji huo huwahesabu kuwa ndugu wa Banyamulenge, kabila la Boris. Dada yake Anatole, Sylviane, ambaye alikuwa hamalizi Jumapili bila kumpigia, simu yake ikawa haishiki. Anatole alizunguka uani siku nzima na simu sikioni, kama mtu mwenye jino bovu. Madam Nakaale akapiga: Wakongo wa Kakuma na wa makazi ya jirani ya Kalobeyei wanalilia habari, na yeye ndiye mwenye lugha na mwenye watu, akikataa nani atawaambia? Safari hii Anatole akakubali. Uchungu ulikuwa umemjaa mpaka shingoni, na mwandishi aliyejaa uchungu hudhani amejaa habari.

Ripoti ile aliitengeneza akiwa hajaondoka uani kwake. Akamweka mchungaji aliyempigia kutoka Bukavu, akamweka kwa simu mwanamke wa Kalobeyei ambaye watoto wake walibaki huko, akajiweka na yeye mwenyewe na dada yake. Hakutia chumvi. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila sauti ilikuwa ya upande wao. Mwishoni yule mwanamke, huku akilia, alisema kwamba hata humu kambini wapo wanaofurahi, hao Banyamulenge, na milango yao tunaijua. Maneno hayo angeyasema Mdinka au Mnuer, Anatole angeyakata bila kufikiri mara mbili. Haya aliyaacha. Akajiambia ni machungu ya mama, na yeye ni nani amzibe mama mdomo.

Asubuhi yake hakuja mlalamikaji. Walikuja wapongezaji. Walikuja wazee wa kanisa, ikaja kwaya nzima, huyu na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, yule na kilo ya sukari, wakimshika Anatole mkono kwa mikono miwili na kumwambia kwamba leo redio imesema. Kichwa kikamvimba. Miaka yote ametukanwa kwa vita vya watu, sasa anapongezwa kwa vyake, na kupongezwa ni kutamu, tusidanganyane. Élisabeth alipokea ile sukari, akaiweka juu ya kabati, hakuifungua. Wageni walipoondoka aliuliza kitu kimoja tu, kama Boris amekuja. Anatole akasema Boris akiwa na neno, mlango anaujua.

Boris hakuja. Jioni ile na iliyofuata vizibo vya drafti vilikaa ndani ya kopo. Sonia alirudi kutoka sokoni na mandazi yake karibu yote, maana wateja walipita wakiangalia pembeni, na vijana wakaanza kupiga miluzi wakifika langoni kwao. Kisha mtu akarusha jiwe juu ya mabati ya Boris. Anatole alilisikia akiwa anakula, akatua kijiko, asikinyanyue tena.

Alijua kabisa kinachotakiwa. Ni kuvuka uzio, kuketi chini na kungoja, kazi aliyoifanya mara ngapi kwa watu asiowajua hata majina. Alimpenda Boris. Katika kambi nzima hakuwa na rafiki mwingine wa kunyamaza naye, na rafiki huyo alikuwa akimponyoka mbele ya macho yake, na bado miguu ilikataa. Angeanza na nini? Sylviane hapatikani, na wewe je, umefurahi? Aliogopa kuuliza, na zaidi aliogopa kujibiwa. Kwa hiyo akajitafutia shughuli. Bahati nzuri alikuwa na hotuba ya kuandaa.

Ndiyo, hotuba. Kituo cha Lodwar kilikuwa kinasherehekea miaka yake, na kilikuwa kimewaalika waandishi chipukizi kutoka kila pembe ya kaunti, wengine wametoka Kaikor, wengine Lokiriama kule mpakani, waje wamsikilize mkongwe. Mada iliandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitambaa nyuma ya meza: Kuripoti Vita Bila Kuegemea Upande. Mimi sikuichagua, walichagua wao. Kibali kikatoka, Anatole akavaa koti, akaenda, akaingia kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na mto Turkwel, akawaamkia ejok, wakamwitikia kwa shangwe.

Na alisema vizuri, haki yake tumpe. Aliwaambia kwamba vita vya muda mrefu havina mwanzo mmoja. Ukimwuliza Mdinka vilianza lini, atakutajia siku waliyouawa watu wake, na ukimwuliza Mnuer, atakutajia siku nyingine, na wote wawili watakuwa hawadanganyi. Mwandishi akikubali mwanzo wa mmoja, aliwaambia, basi ameshamaliza kuchagua upande hata kabla hajafungua mdomo. Aliwasimulia Thiong na Puok na benchi lao, ukumbi ukaangua kicheko. Akawaeleza mizani yake, kwamba ripoti ikilalamikiwa na upande mmoja imeharibika, na isipolalamikiwa na mtu yeyote imeoza. Hilo la kuoza halikuwa kwenye karatasi yake, lilimtoka tu, na chipukizi wakaliandika haraka. Akawaambia mwenye machungu haitwi, anafuatwa mlangoni kwake. Hapo akanywa maji, akaendelea. Walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Wakampa ekicholong, kile kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hatembei bila hicho.

Kisha Madam Nakaale akashika kipaza sauti amshukuru. Alikuwa na furaha ya kweli, na hakuwa na nia mbaya hata ya punje. Akasema kwamba katika ripoti zote za Anatole, anayo moja anayoipenda kuliko nyingine.

"Ile ya Bukavu," akasema. "Hatukupata simu ya kulalamika hata moja. Hata moja!"

Ukumbi ukapiga makofi tena. Watu wale wale walioandika mizani yake punde tu, wakapiga makofi mpaka viganja vikawawasha, na hakuna aliyeinamia daftari aone alichoandika. Aliyesikia ni Anatole peke yake. Jasho lilimtoka ndani ya koti, na Lodwar jasho si habari, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza ana nini. Amehukumiwa hadharani, kwa sheria yake mwenyewe, na hukumu imeshangiliwa. Aibu ilimshika mpaka nyama ya mbuzi ikamshinda kumeza. Akasingizia kwamba kibali chake kinakaribia kuisha, uongo mtupu, akawaaga na kuwahi gari la kurudi.

Njia nzima alipanga maneno. Hangepita nyumbani kwanza. Angekwenda moja kwa moja kwa Boris, aketi kwenye vumbi, koti na vyote, hata ikibidi kungoja mpaka kesho. Aliposhuka Kakuma jua lilikuwa bado kali, akatembea haraka kuliko umri wake unavyoruhusu. Alipokata kona aliona mkokoteni langoni kwa Boris. Juu yake kuna magodoro, masufuria, na ile cherehani imefungwa kwa kamba. Sonia alikuwa anafagia nyumba ambayo haitakuwa yake tena. Na waliokuwa wamebeba kitanda, mmoja kichwani na mwingine miguuni, ni Thiong na Puok.

Ilikuwa hivi. Baada ya lile jiwe Boris alikwenda ofisini kuomba ahamishiwe Kalobeyei, wakamkubalia. Akatafuta wa kumsaidia kupakia, Wakongo wote siku hiyo wakawa na shughuli. Habari ikafika kinyozini kwa Puok, kama habari zote zinavyofika kwa kinyozi, na Puok akafunga duka, akaenda kwa miguu yake mpaka kwa Thiong kumwita, jambo ambalo halijapata kutokea tangu wawili hao wazaliwe.

Walipomwona Anatole wakatua kitanda.

"Tulipita kwako kulalamika," alisema Puok, bila kupaza sauti, na hilo lilimtisha Anatole kuliko makelele yake yote ya nyuma. "Tukaambiwa uko Lodwar unafundisha."

"Lalamiko ni moja, la sisi wote wawili," akasema Thiong. "Vita vyetu ulivifuata mlango kwa mlango mpaka viatu vikakuishia. Vya kwenu umeshindwa kuvuka uzio?"

Miaka kumi na moja watu hao wawili hawakuwahi kukubaliana juu ya ripoti hata moja. Kwa mizani ya Anatole hakuna ripoti iliyowahi kuwa mbaya kiasi hicho.

Boris akatoka na begi begani. Hakuwa na hasira, na Anatole alitamani angekuwa nayo, maana hasira alishazoea kuipikia chai. Boris alimtazama tu, kisha akasema kwa Kiswahili chao cha Kivu, polepole:

"Ile siku Bukavu ilianguka, nilijua utakuja. Kazi yako naijua. Nilivala shati ya kanisa, Sonia akaniwekea kiti, nikakaa hapa mlangoni tangu asubuhi. Nikakusikia unaongea na simu huko kwako. Nikasema, akimaliza atakuja. Mangaribi nikakusikia kwa redio."

Anatole akauliza, kwa sauti ambayo redio isingeipokea, Boris angemwambia nini kama yeye angekuja.

"Ningekuambia kama mama yangu ako Bukavu," akasema Boris. "Alienda kutibisha macho. Simu yake haishike tangu ile siku."

Basi walikuwa wamezunguka siku ile ile, kila mtu uani kwake na simu sikioni, uzio wa vijiti katikati, wakiupigia mji ule ule usiojibu. Na mwandishi wa habari za nje, aliyekuwa akijua bei ya mtama kule Bor na nani amemsaliti nani kule Bentiu, hakulijua hilo. Machozi yalimlenga Anatole. Lakini mkono, jamani, mkono wa mwandishi hauna haya. Ulikuwa umeshaingia mfukoni na kutoa simu, na kidole gumba kiko juu ya alama ya kurekodi, kabla yeye mwenyewe hajajua anafanya nini.

Boris aliiona.

"Hapana, Papa Anatole. Ile siku ungeniuliza juu ya watu. Leo unaniuliza juu yako."

Anatole akairudisha simu mfukoni. Akamwuliza mama yake anaitwa nani, maana katika miaka yote ya ujirani hakuwahi kuuliza. Boris akamtajia jina, akashika mkokoteni, na Thiong na Puok wakaenda nyuma kusukuma, wakigombana tayari ni nani asiyesukuma vya kutosha. Sonia akaufunga mlango uliokuwa wao, akampa Anatole ufunguo aupeleke ofisini, akawafuata.

Jioni ile Madam Nakaale alipiga simu akitaka ripoti nyingine ya Kongo, nzuri kama ile ya kwanza. Na Anatole, ambaye sasa ndiyo alikuwa na habari ya upande wa pili, akamjibu kwamba hana habari.